Hesabu Nepi, Mwanangu

Mkunga mstaafu anajibu barua zenu kuhusu kunyonyesha

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: maziwa yangu yanamtosha mtoto? Nimechagua nne. Mbili za mwanzo naomba mzisome kwa pamoja. Mtoto wa kwanza analia kila jioni na yuko salama. Wa pili halii kabisa, na ndiye aliyeninyima usingizi.

SWALI: Shikamoo Mama Mkunga. Mimi ni mzazi wa mara ya kwanza, naishi Mbagala kwa wakwe zangu. Mwanangu wa kiume ana siku 19. Alizaliwa na kilo 3.2, siku ya 7 tulipompeleka kliniki akawa na kilo 3.0, na tangu siku hiyo sina amani. Ananyonya karibu kila saa. Ikifika magharibi ndiyo haachii kabisa mpaka saa 4 usiku: ananyonya, anaachia, analia, anashika tena. Wiki ya kwanza matiti yalijaa yakawa magumu kama mawe, sasa yamelegea kama hayana kitu. Nilikamua kwa pampu ya jirani nikapata vijiko viwili tu. Mama mkwe aliyatazama akasema ni mepesi kama maji ya mchele, mtoto anakunywa maji. Mume wangu ameshanunua kopo la maziwa, liko juu ya kabati. Na hapa kwetu maji ya bomba yanatoka mara mbili kwa wiki, nepi 10 mpaka 12 kila siku, mikono imechubuka kwa kufua. Nimechoka, mama. Nilifungue kopo?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera ya uzazi. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniandikia mengi kuhusu matiti, pampu, na rangi ya maziwa. Lakini mstari ulionishusha pumzi ni ule ulioutia mwishoni kama malalamiko ya kufua: nepi 10 mpaka 12 kila siku. Mtoto wako hali kitu kingine wala hanywi kitu kingine. Maji yote hayo unayoyafua yametoka kifuani mwako. Yangetoka wapi tena?

Nieleze hesabu yenyewe, kwa sababu ni rahisi na haihitaji daktari. Siku ya kwanza ya maisha mtoto akikojoa mara moja inatosha, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu. Siku hizo anapata dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya manjano, mazito, kijiko cha chai kwa mnyonyo mmoja, na tumbo lake halidai zaidi. Maziwa yakishaingia kwa wingi, kuanzia siku ya 5 au ya 6, tunataka nepi 6 au zaidi zilizolowa kweli kwa saa 24, mkojo mweupe au wa manjano hafifu, usio na harufu kali. Choo nacho kina hadithi yake: cheusi cha kunata kama lami siku mbili za mwanzo, kisha kijani, na kufikia siku ya 5 kiwe cha manjano, laini, chenye chembechembe kama mbegu. Kwa umri wa mtoto wako mara 3 au 4 kwa siku ni kawaida, na wengine hupata kila wanaponyonya. Ukiona doa la rangi ya tofali kwenye nepi baada ya wiki ya kwanza, au mkojo wa njano iliyokoza, hapo usisubiri, nenda kituoni. Wewe hujaniandikia doa lolote.

Sasa uzito, maana najua kilo 3.0 ndiyo iliyokuvunja moyo. Karibu kila mtoto hupungua siku za mwanzo. Anatoa kile choo cheusi, anatoa maji aliyokuja nayo kutoka tumboni. Wako alipoteza gramu 200 kati ya 3,200, na hilo halifiki hata sehemu ya kumi, ambapo ndipo sisi wakunga tungeanza kukunja uso. Tunachotaka ni arudie uzito wa kuzaliwa kufikia siku ya 10 mpaka ya 14, halafu aongeze gramu 20 mpaka 30 kwa siku. Piga hesabu nami: kutoka siku ya 7 mpaka leo ni siku 12, kwa hiyo awe ameongeza kama gramu 240 mpaka 360. Akisoma kilo 3.24 au zaidi, furahi. Usingoje hudhurio la siku ya 28. Kesho asubuhi mpeleke mapema, mvue nguo zote, na apimwe kwenye mzani uleule wa siku ya 7. Nimeona wamama wengi wakilizwa na tofauti ya mizani miwili, mmoja wa duka la dawa, mtoto akiwa amefungwa kwenye khanga, na mwingine wa kliniki mtoto akiwa uchi.

Kulegea kwa matiti hakukusaliti. Ule ugumu wa wiki ya kwanza haukuwa maziwa peke yake, ulikuwa pia damu na uvimbe wa mwili unaoanza kazi mpya. Baada ya wiki mbili tatu mwili unajua kipimo cha mtoto huyu, unatengeneza anapohitaji, na titi linabaki laini. Pampu ya jirani nayo irudishe kwa shukrani. Maziwa hushuka mama anapomgusa mtoto, anapomnusa, anapomsikia. Titi haliipendi plastiki jinsi linavyompenda mtoto, na wapo wamama wenye watoto wanene wasiopata hata robo kikombe kwa pampu. Na huo wepesi alioutazama mama mkwe ni wa maziwa ya mwanzo wa mnyonyo. Mafuta huongezeka kadiri titi linavyopungua maziwa. Ndiyo maana nakuambia umwache amalize titi moja mpaka aachie mwenyewe, ndipo umpe la pili.

Jioni ni jioni. Watoto wengi wa umri wa wiki 2 mpaka 6 hukusanya minyonyo yao saa za magharibi, mmoja juu ya mwingine, na hulia katikati yake. Karibu na wiki ya 3 hukua kwa kasi, na kwa kunyonya mara nyingi hivyo anauagiza mwili wako uongeze maziwa ya kesho. Mara 8 mpaka 12 kwa siku na usiku ndiyo kawaida ya mtoto mchanga. Usiku usimnyime, maana homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku.

Kuna kitu kimoja nataka ukifanye leo, taa ikiwa imewashwa na nyumba imetulia. Mpakate, tumbo lake liguse tumbo lako, kichwa na mgongo vinyooke mstari mmoja, pua ielekee chuchu. Subiri apanue mdomo kama anayepiga miayo, ndipo umvute kwako; usiinamie wewe. Akishashika, tazama: kidevu kimezama kwenye titi, mdomo wa chini umebinuka kwa nje, na weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Ataanza kunyonya harakaharaka, mara nne, mara tano. Kisha maziwa yakishuka, mwendo utabadilika. Taya litashuka polepole, litasimama kidogo likiwa chini, halafu utasikia sauti ndogo ya pumzi kooni, "kah". Huko ndiko kumeza. Taya, kituo, kah. Taya, kituo, kah. Ukiishajua kituo kile cha kidevu, hutamuuliza tena mtu kama mtoto anapata maziwa, utakuwa unayaona yakiingia. Na chuchu ikitoka mdomoni iwe ya mviringo kama ilivyoingia. Ikitoka imebanwa bapa kama ncha ya lipstiki mpya, au ikikuuma mnyonyo mzima, ameshika chuchu tupu. Tia kidole kisafi pembeni ya mdomo wake, mwachishe, anza upya.

Nakung'ang'aniza kuhusu mdomo kwa sababu mimi sikuonyeshwa. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa mwaka 1986. Siku ya 4 chuchu zilikuwa zimepasuka, mtoto analia, na mhudumu mmoja wa wodi akanitazama kifua akasema, "Wewe huna maziwa, mwanzishie ya ng'ombe." Hakumtazama mtoto mdomoni. Nilimwamini. Tulinunua maziwa, hela haikutosha, tukayaongeza maji, na mwezi wa pili mwanangu akaharisha mpaka macho yakazama na utosi ukabonyea. Mungu alimponya. Miaka mitatu baadaye, nikiwa chuoni nasomea ukunga, mwalimu alichukua mdoli na titi lililoshonwa kwa kitambaa, akatuonyesha jinsi mdomo unavyotakiwa kukaa. Nilitoka nje ya darasa nikalia peke yangu chini ya mwembe. Maziwa nilikuwa nayo.

Kwa hiyo kopo libaki juu ya kabati. Simhukumu mama anayetumia kopo kwa sababu za kweli, na zipo. Lakini kila chupa moja ni mnyonyo mmoja uliorukwa, na titi lisilonyonywa huamini kwamba halihitajiki. Mtoto mwenye nepi 12 hana sababu hiyo.

Mama mkwe usigombane naye. Ana hofu ya mjukuu wake, na hofu hiyo ni upendo. Uji wake wa pilipili manga unywe, mtori ule, vinakupa nguvu hata kama maziwa yenyewe yanaletwa na mtoto kunyonya. Mwombe akusaidie kazi mbili: kufua zile nepi, na kuchora mstari mmoja wa mkaa nyuma ya mlango kwa kila nepi iliyolowa. Akishachora mistari yake mwenyewe kwa siku mbili, naamini hatarudia habari za maji ya mchele.

SWALI: Mama, shikamoo. Mimi ni baba wa familia, Singida vijijini. Binti yetu ana wiki 8. Alizaliwa na kilo 3.1, juzi kliniki amesoma kilo 3.4. Mama yangu mzazi anasema mke wangu amembemenda mtoto, yaani amemdhoofisha kwa kulala na mwanamume huku akinyonyesha, na ndugu wanadai atajwe mwanamume huyo. Nyumbani hakukaliki. Mimi nashangaa kwa sababu mtoto mwenyewe ni mpole sana, hatusumbui. Analala kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 11 alfajiri bila kuamka. Mchana mama yake anamnyonyesha kila baada ya saa 4 kama alivyoelekezwa na rafiki yake, katikati tunampa maji ya glukosi. Pampasi moja anakaa nayo asubuhi mpaka jioni na haijajaa. Je, ni kweli mtoto anaweza kubemendwa?

JIBU: Baba huyu nilimpigia simu siku ileile barua ilipofika. Namba aliiandika chini, na jibu la aina hii halingoji gazeti. Naliandika hapa kwa ajili ya wengine, kwa ruhusa yake.

Mtoto huyu alikuwa na njaa. Gramu 300 kwa wiki 8 ni kidogo mno, tungetegemea awe amepita kilo 4. Na upole wake ndio ulionitisha. Mtoto mwenye nguvu hulia akidai. Mtoto asiyepata chakula cha kutosha kwa muda hujifunza kulala ili asipoteze kile kidogo alicho nacho, na wazazi humsifu kuwa ana tabia njema. Jamani, mtoto mchanga asiyeongezeka uzito akilala saa 8 mfululizo, mwamsheni. Pampasi kavu ndiyo ushahidi wa pili. Kwa wasiojua uzito wa pampasi iliyolowa: chukua mpya, mimina vijiko vitatu vikubwa vya maji, ishike mkononi. Huo ndio uzito wa kukojoa kwa kweli. Choo peke yake kisingenishtua, maana mtoto aliyevuka wiki 6 na anayenawiri anaweza kukaa siku kadhaa bila choo. Lakini mkojo ukipungua na mzani ukasimama, hakuna mjadala.

Nilimwambia waende kituo cha afya siku hiyohiyo. Mtoto asiyeongezeka lazima apimwe mwili mzima, kwani huenda ana maambukizi ya mkojo, tatizo la moyo, au ulimi uliofungwa chini usioweza kunyanyuka. Mama naye aulizwe maswali, yakiwemo ya dawa za uzazi wa mpango. Vidonge vyenye homoni mbili vinaweza kupunguza maziwa, na kwa anayenyonyesha vipo vyenye homoni moja. Na utosi ukibonyea, mdomo ukikauka, mtoto akishindwa kunyonya au akawa hazinduki vizuri, hiyo ni safari ya usiku huohuo hata kwa bodaboda.

Hawakukuta ugonjwa. Walimkuta anashika chuchu tupu, ananyonya mara 5 kwa siku, na tumbo linajazwa glukosi, ambayo ni maji matamu yasiyojenga chochote. Waliacha glukosi. Mama akawa anamvua nguo na kumweka kifuani ngozi kwa ngozi, anamwamsha kila baada ya saa mbili mchana na saa tatu usiku, anampa matiti yote mawili, kisha anakamua kwa mkono na kumpa yaliyobaki kwa kikombe. Siku ya 9 mzani ulisoma kilo 3.69. Baba alinipigia simu akishindwa kuongea.

Sasa kuhusu kubemenda, nami nasema hili nikiwaheshimu wazee waliolisema. Mbegu za mwanamume haziingii kwenye maziwa. Njia hizo mbili hazikutani popote mwilini mwa mwanamke. Nadhani wazee waliona jambo la kweli wakalipa sababu isiyo yake: mama akishika mimba nyingine upesi, maziwa hupungua, mtoto huachishwa mapema, naye hudhoofika. Hilo ni suala la kupanga uzazi, na dawa yake iko kliniki. Lakini kumkalisha mke chini atajwe mwanamume wakati mtoto yuko ndani amelala kwa njaa, hapana. Nimewaona watoto waliokufa huku ukoo ukiwa kwenye kikao. Mama mzazi wa kijana huyu, kama gazeti hili limekufikia: mkwe wako hakukosa. Alielekezwa vibaya, kama nilivyoelekezwa mimi.

SWALI: Habari za kazi mama. Joto la Dar es Salaam mwaka huu limezidi, mwanangu wa miezi 3 anatoka jasho mpaka shuka linalowa. Maji kidogo hayawezi kudhuru?

JIBU: Yanadhuru kwa njia mbili, yanaleta vijidudu na yanachukua nafasi ya maziwa kwenye tumbo dogo. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za maziwa yako ni maji. Kukiwa na joto mnyonyeshe mara nyingi zaidi, minyonyo mifupi, na maji kunywa wewe. Maji ya mtoto yaanze miezi 6 ikitimia, pamoja na chakula.

SWALI: Shikamoo mama. Nafanya kazi kiwandani Morogoro. Likizo yangu ya uzazi inaisha wiki tatu zijazo, na bibi yake atakayebaki naye anasema bila chupa haiwezekani. Mwanangu chupa ameikataa. Nifanyeje maziwa yasikauke?

JIBU: Marahaba. Kwanza ijue haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 84 za likizo, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ukirudi kazini, mwajiri anatakiwa akupe mpaka saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili ya kumnyonyesha mtoto. Andika barua ya kuomba saa hizo kabla ya siku ya kwanza, tunza nakala. Kama nyumbani ni karibu, nenda au aletwe. Kama ni mbali, zitumie kukamua.

Anza kukamua sasa, asubuhi baada ya mnyonyo wa kwanza, ndipo titi linapokuwa na ziada. Nawa mikono, chombo kiwe chenye mfuniko, kilichochemshwa. Kwa joto la Morogoro maziwa yakae nje si zaidi ya saa 4. Kwenye friji, ndani kabisa na si mlangoni, siku 4. Yasichemshwe. Chombo kikalishwe kwenye bakuli la maji ya vuguvugu mpaka ubaridi utoke. Ukiona mafuta yamejitenga juu, hayajaharibika, yatikise taratibu. Ukirudi nyumbani mnyonyeshe kabla hata hujavua viatu, na usiku mlale karibu.

Chupa kuikataa ni heri, kuisafisha ni kazi na huficha uchafu kooni mwake. Mwambie bibi achukue kikombe kidogo cha kahawa, kile kisicho na mkono. Mtoto akalishwe wima mapajani, akiwa macho, mikono yake imefungwa kwa khanga ili asikipige. Kikombe kiguse mdomo wa chini, kiinamishwe mpaka maziwa yafike ukingoni, halafu bibi atulie. Asimmimine. Mtoto atatoa ulimi mwenyewe na kulamba, kidogokidogo. Siku ya kwanza nusu itaishia kwenye kidevu, kwa hiyo bibi amwekee mtoto kitambaa shingoni na asikate tamaa. Wiki tatu zinatosha, waanze Jumamosi hii wewe ukiwa umetoka nje, kwa sababu akisikia harufu yako hatakitaka.